Kutoa sehemu zenye asili tofauti: kwa nini 5/6 − 3/4 haiwezi kuwa 1

Swali: Habari za kazi, mwalimu. Mwanangu yupo darasa la tano na wiki hii wanafanya hesabu za kutoa sehemu. Kwenye daftari lake nimekuta ameandika 5/6 − 3/4 = 2/2 = 1, akawekewa kosa. Nilipojaribu kumsaidia akaniuliza, "Mama, mbona kwenye kuzidisha tunazidisha juu kwa juu na chini kwa chini, halafu kwenye kutoa haturuhusiwi?" Nikakosa la kusema. Mwalimu wao anataka watafute KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa namba zote mbili za chini), ila kaka yake wa sekondari anamwambia hayo ni mambo ya kupoteza muda, azidishe tu namba za chini. Nani yuko sahihi? Na zile zenye namba nzima mbele, kama 4 na 1/6 toa 1 na 3/4, ndizo zinazomchanganya kabisa.

Jibu: Nzuri, mama. Mwanao kauliza swali la maana sana. Watoto wengi hufanya kosa lake, wachache huuliza sababu. Nitaanza na hilo lake, kwa sababu likishaeleweka la KDS na la namba nzima yanajibika kirahisi.

Kabla hujamtajia kanuni yoyote, mpeleke kwenye saa. Mwulize 5/6 ya saa ni dakika ngapi. Ni 50. Robo tatu ya saa je? Ni 45. Basi ukiwa na dakika 50 ukatoa 45, zinabaki ngapi? Atasema 5 kabla hujafunga mdomo. Hapo mfungulie daftari lake. Yeye kaandika kwamba imebaki 1, yaani saa nzima, dakika 60. Alianza na dakika 50, akaondoa 45, akabaki na 60! Usimwambie kitu, mwache alitazame mwenyewe. Mtoto akishaona kwamba jibu lake haliwezekani, anakuwa tayari kusikiliza. Akiambiwa tu "umekosea", anasubiri umpe kanuni nyingine ya kukariri.

Sasa chanzo cha kosa. Ukiandika 5/6 unaona namba mbili, moja juu na moja chini, na mtoto wa darasa la tano ameshazoea kwamba namba ikionekana ni ya kujumlisha au kutoa. Lakini namba hizi mbili hazifanyi kazi moja. Ya juu, kiasi, inahesabu. Ya chini, asili, inataja jina la vipande vinavyohesabiwa. Kiswahili kinalionesha jambo hili vizuri kuliko alama zenyewe. Tunasema robo tatu kama tunavyosema meza tatu: robo ndiyo kitu, tatu ndiyo idadi. Theluthi mbili (2/3), humusi nne (4/5), sudusi tano (5/6), thumuni saba (7/8), zote zimekaa namna hiyohiyo, jina mbele, idadi nyuma. Majina kama humusi na sudusi hayasikiki sana madarasani siku hizi, watoto husoma "nne juu ya tano" au "tano juu ya sita", na mimi naona tumepoteza kitu hapo. Anayesema "tano juu ya sita" anasikia namba mbili. Anayesema "sudusi tano" anasikia vitu vitano vya aina moja.

Isome basi hesabu ya mwanao kwa majina yake: sudusi tano, toa robo tatu. Ni kama mtu aseme viti vitano toa meza tatu. Tano toa tatu ni mbili, sawa, lakini mbili nini? Viti? Meza? Na ile 6 toa 4 aliyoifanya chini ndiyo haina maana kabisa, kwa sababu hapo anatoa jina kwenye jina.

Kama bado anabisha, mpe 5/7 − 2/7. Ataandika 3/7 bila kusita, na atakuwa amepata. Mwulize: mbona hapa hukutoa 7 kwenye 7? Angeifuata njia yake ya mwanzo angeandika 3/0, kitu ambacho hakipo. Njia yake inavunjika kwenye hesabu iliyo nyepesi kuliko zote, na yeye mwenyewe, bila kufundishwa, aliiacha hapo akafuata akili. Saba zilikaa kimya kwa sababu ni jina, na jina lilikuwa moja pande zote mbili.

(Kwa wenye kupenda uchokozi: zipo hesabu chache ambazo njia hiyo mbovu inaangukia jibu sahihi. Jaribuni 8/2 − 9/3. Kwa halali ni 4 − 3, yaani 1. Kwa njia mbovu ni −1 juu na −1 chini, nayo ni 1. Ni bahati tu, na mwanao asioneshwe hiyo wiki hii.)

Sasa lile swali lenyewe: mbona kuzidisha kunaruhusiwa? Chukua 1/2 × 1/3. Maana yake ni nusu ya theluthi. Shika theluthi moja ya kitu chochote, ikate katikati. Kipande ulichopata si theluthi tena, wala si nusu. Ukihesabu vipande kama hicho vinavyojaza kitu kizima utapata sita. Umetengeneza kipande kipya chenye jina jipya, sudusi, na ile 2 × 3 uliyofanya chini ndiyo hesabu ya kulitafuta jina hilo. Kuzidisha sehemu ni kukata vipande upya, kwa hiyo majina lazima yabadilike. Kutoa hakukati chochote. Unaondoa baadhi ya vipande, unahesabu vilivyobaki, na vilivyobaki vinaendelea kuitwa vilivyokuwa vikiitwa. Ndiyo maana kwenye kuzidisha namba za chini zinafanyiwa kazi, na kwenye kutoa zinaachwa zilivyo.

Tatizo ni kwamba kwenye 5/6 − 3/4 majina hayafanani, na hapa ndipo ningekuomba uweke kalamu chini utafute rula na mkasi.

Kata vipande viwili vya karatasi vyembamba, kila kimoja kiwe na urefu wa sentimita 24. Cha kwanza kiwekee alama kila baada ya sentimita 4. Utapata visanduku sita, kila kimoja ni sudusi. Paka rangi vitano. Cha pili kiwekee alama kila baada ya sentimita 6, upate robo nne, kisha paka rangi tatu. Sasa vilaze sambamba, kimoja chini ya kingine, mwanzo wa kushoto ulingane. Rangi ya juu inafika sentimita 20, ya chini inaishia 18. Kuna kijisehemu kidogo cha rangi ya juu kinachochungulia mbele ya kile cha chini. Hicho ndicho jibu. Mwanao tayari analiona kwa macho, na hajafanya hesabu hata moja.

Mwulize kinaitwaje. Si sudusi, kwa sababu kila sudusi ni sentimita 4 na hiki ni 2 tu. Si robo pia. Hakuna jina lake kwenye karatasi yoyote kati ya zile mbili. Basi akate kipande cha sentimita 2 akitumie kama kipimo. Kwenye sudusi moja kinaingia mara 2 kamili. Kwenye robo moja kinaingia mara 3 kamili. Kwenye karatasi nzima kinaingia mara 12. Kwa hiyo jina lake ni moja ya kumi na mbili, na kizuri ni kwamba kinaweza kupima karatasi zote mbili bila kubakiza kitu. Sudusi tano ni vipande kumi vya namna hiyo. Robo tatu ni vipande tisa. Kumi toa tisa:

5/6 − 3/4 = 10/12 − 9/12 = 1/12

Moja ya kumi na mbili ya saa ni dakika 5, tumerudi kwenye jibu la saa.

Hapo ameshatafuta KDS bila kujua. Kigawe Kidogo cha Shirika cha 6 na 4 ni 12, nacho si kingine ila jina la kipande kikubwa kuliko vyote kinachoweza kupima sudusi na robo bila masalio. Ndiyo maana mimi humchelewesha mwanafunzi kwenye karatasi kabla ya kumpa herufi hizo tatu. Aliyeanza na herufi husahau zinafanya nini, na miezi miwili baadaye utamkuta anatafuta KDS hata kwenye kuzidisha.

Kitu kimoja cha kuchunga hapa. Tulipogeuza 5/6 kuwa 10/12 tulizidisha juu na chini kwa 2. Chini kwa sababu kila kipande kimekatwa viwili, juu kwa sababu idadi ya vipande vilivyopakwa rangi nayo imekuwa mara mbili. Karatasi haikurefuka wala kufupika, mstari wa rangi uko palepale kwenye sentimita 20. Watoto wengi wakishajua kwamba asili inatakiwa iwe 12 huibadilisha hiyo na kusahau kiasi, wakaandika 5/12 − 3/12 = 2/12. Hili ni kosa la pili kwa wingi baada ya lile la mwanao, na ni baya zaidi kwa sababu linafanana na kazi iliyofanywa vizuri. Dawa yake ni kumrudisha kwenye karatasi: 5/12 ni sentimita 10, sisi tulipaka 20, nusu ya rangi imekwenda wapi?

Kazi hii ya kutafuta kipimo cha pamoja ni ya zamani mno. Kuna gombo la mafunjo la Misri ambalo mwandishi aitwaye Ahmes alilinakili yapata mwaka 1550 KK, sasa limehifadhiwa British Museum huko London. Hesabu yake ya 21 inauliza: ukiwa na 2/3 na 1/15, kinapungua nini kufika 1? Hiyo ni kutoa sehemu zenye asili tofauti, wala si vinginevyo. Walichofanya ni kuhesabu kwa 15: theluthi mbili za 15 ni 10, moja ya kumi na tano ni 1, jumla 11, zinapungua 4. Kwetu sisi jibu ni 4/15. Wao waliandika 1/5 na 1/15, kwa sababu ukiacha 2/3 walipendelea sehemu zenye 1 juu. Namba za msaada kama zile 10 na 1 ziliandikwa kwa wino mwekundu. Wino mweusi ulibeba sehemu, mwekundu ulibeba hesabu ya vipande. Nami tangu niliposoma habari hiyo hufundisha kwa kalamu mbili za rangi, na sijaona sababu ya kuacha.

Sasa tuamue kesi ya mwalimu na kaka. Wote wawili wanapata jibu sahihi. Kaka angezidisha 6 × 4 akapata 24:

5/6 − 3/4 = 20/24 − 18/24 = 2/24 = 1/12

Kwenye karatasi yetu, kaka amekata vipande vya sentimita 1 badala ya sentimita 2. Navyo vinapima pande zote mbili bila masalio, ila ni vidogo kuliko inavyohitajika, kwa hiyo anahesabu vingi zaidi, na mwishoni analazimika kuviunganisha viwiliviwili ili apate jibu lililorahisishwa. Hiyo ndiyo tofauti yote. Ukizidisha asili mbili huwezi kukosa kipimo cha pamoja, lakini huna uhakika kwamba umepata kikubwa kuliko vyote.

Nikiri kwamba miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha nilikuwa upande wa kaka. Nilikuwa nawachorea mishale ya mshazari: 5 kwa 4, 3 kwa 6, toa, kisha chini zidisha, basi. Darasa lilifurahi, majibu yakawa sahihi, nikajiona hodari. Kisha nikawapa 3/4 − 1/6 − 2/9. Mmoja alichora mishale mingi hadi daftari likawa kama nyavu, na hakuna aliyejua mshale upi unakwenda wapi, kwa sababu mshazari ni njia ya sehemu mbili tu. Kwa kipimo cha pamoja hesabu hiyo haina shida. Kigawe kidogo cha 4, 6 na 9 ni 36:

27/36 − 6/36 − 8/36 = 13/36

Nilirudi nyuma nikaanza upya na karatasi, na wiki mbili zikawa zimepotea.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwanao ni kwamba, kabla ya kushika njia yoyote, azitazame zile asili mbili kwa sekunde chache. Kama moja inaigawanya nyingine, abadilishe moja tu: 7/8 − 1/2 ni 7/8 − 4/8, jibu 3/8. Aliyezidisha 8 × 2 hapa amejitafutia kazi. Kama hazina kigawo cha pamoja, yaani namba inayozigawanya zote mbili, zaidi ya 1, kuzidisha ndiyo KDS yenyewe, na kaka na mwalimu wanakutana: 3/4 − 2/5 ni 15/20 − 8/20, yaani 7/20. Zilizobaki, kama 6 na 4, ndizo zinazohitaji kufikiriwa, na kwa namba ndogo njia ya haraka ni kutaja vigawe vya ile kubwa hadi upate kinachogawanyika kwa ile ndogo. 6? Haigawanyiki kwa 4. 12? Inagawanyika. Basi.

Namba zikiwa kubwa, kutaja vigawe kunachosha, na hapa namwonea huruma kaka pia. Tuseme 11/91 − 5/119. Tafuta kwanza Kigawo Kikubwa cha Shirika, KKS, kwa njia iliyomo kwenye kitabu cha 7 cha Elements cha Euclid, mwanahisabati Mgiriki, kazi ya takriban mwaka 300 KK: toa namba ndogo kwenye kubwa, chukua kilichobaki, endelea hivyohivyo. 119 toa 91 ni 28. Kwenye 91 zinaingia 28 tatu, inabaki 7. Kwenye 28 zinaingia 7 nne, haibaki kitu. KKS ni 7. Sasa 91 ni 7 × 13, na 119 ni 7 × 17, kwa hiyo KDS ni 7 × 13 × 17, yaani 1547. Sehemu ya kwanza inazidishwa juu na chini kwa 17, ya pili kwa 13: 187/1547 − 65/1547 = 122/1547. Aliyezidisha moja kwa moja angebeba 10829 chini. Na tazama kinachotokea: kutoa kunatumika kutafuta kipimo cha kufanyia kutoa.

Hiyo KKS ina faida nyingine ambayo sijui kwa nini haifundishwi. Baada ya kutumia KDS, bado jibu linaweza kuhitaji kurahisishwa. Mfano 7/10 − 1/6: KDS ni 30, tunapata 21/30 − 5/30 = 16/30, na hiyo inarahisishwa kuwa 8/15. Mtoto huanza kujaribu 2, 3, 5, 7, akitapatapa. Hana haja. Ikiwa sehemu mbili za mwanzo zilikuwa zimesharahisishwa, chochote kinachoweza kugawanya juu na chini kwenye jibu lazima kiwe kigawo cha KKS ya zile asili. KKS ya 10 na 6 ni 2, kwa hiyo jaribu 2 peke yake, ukimaliza umemaliza. Na kama KKS ni 1, kama kwenye 3/4 − 2/5, jibu tayari limerahisishwa, weka kalamu chini.

Tuje kwenye zile zenye namba nzima. 4 na 1/6 toa 1 na 3/4. Wengi huanza vizuri, wanageuza: 4 na 2/12 toa 1 na 9/12. Wanafika kwenye 2 toa 9, wanakwama, na kuanzia hapo kuna njia mbili za kupotea. Wa kwanza anageuza kimyakimya, anafanya 9 toa 2, anapata 3 na 7/12. Wa pili anakumbuka kukopa. Anachukua moja kutoka kwenye 4, inabaki 3, kisha anaibandika ile moja mbele ya 2 kama alivyozoea kwenye namba za kawaida, inakuwa 12. 12 toa 9 ni 3, jibu 2 na 3/12. Huyu kakopa 10. Lakini aliyokopa ni moja nzima, na moja nzima hapa imekatwa vipande kumi na viwili. Akiivunja anapata 12/12, akijumlisha na zile 2/12 alizokuwa nazo ni 14/12. Basi:

4 na 2/12 − 1 na 9/12 = 3 na 14/12 − 1 na 9/12 = 2 na 5/12

Kama ananung'unika, mrudishe kwenye saa tena. Saa 4 na dakika 10 toa saa 1 na dakika 45. Hapo hakuna mtoto anayekopa 10, wote wanajua saa moja ikivunjwa ni dakika 60. 70 toa 45 ni 25, jibu saa 2 na dakika 25, na dakika 25 ni 5/12 ya saa. Unachokopa kinavunjika kulingana na jina la vipande vilivyopo. Kwenye namba za kawaida jina ni makumi, kwenye saa ni sitini, hapa ni kumi na mbili.

Asiyetaka kukopa anaweza kugeuza zote kuwa sehemu guni, yaani zile ambazo kiasi kimezidi asili: 25/6 − 7/4 = 50/12 − 21/12 = 29/12, ambayo ni 2 na 5/12. Shuleni hii ndiyo hupendwa, na ni salama, ingawa namba nzima zikiwa kubwa, kama 38 na 1/6, unajikuta unazidisha mizigo isiyo ya lazima.

Mimi binafsi kichwani hufanya ya tatu, ya kupanda. Nipo 1 na 3/4, nataka kufika 4 na 1/6. Robo inanifikisha 2. Mbili zaidi zinanifikisha 4. Kisha 1/6. Jumla ni 2 na 1/4 na 1/6, na 3/12 ukijumlisha 2/12 ni 5/12. Hakuna kukopa popote. Mwanao akiipenda hii mwache aitumie kuhakiki, hata kama kwenye daftari anatakiwa aoneshe njia ya darasani.

Mazoezi yake ya wiki hii usimpe lundo. Mpe 1/2 − 1/3, kisha 1/3 − 1/4, kisha 1/4 − 1/5, kisha 1/5 − 1/6, ayaandike majibu kwenye safu moja kushuka chini: 1/6, 1/12, 1/20, 1/30. Usimwambie atafute nini. Ni safu hiihii, katika sura nyingine kidogo, iliyomsaidia mwanahisabati Mjerumani Leibniz mwaka 1672 huko Paris, mwanasayansi Mholanzi Huygens alipompa mtihani wa kujumlisha 1 + 1/3 + 1/6 + 1/10 na kuendelea bila mwisho. Aliiandika kila sehemu kama tofauti ya mbili, zikafutana zenyewe kwa zenyewe, jibu likatoka 2. Mwanao hahitaji kufika huko. Akishaitazama safu yake kwa muda, mfunikie karatasi na kalamu, umwulize 1/99 − 1/100 ni ngapi.